Maswali ya Wasomaji: Kunasa Migongano ya Data Ndani ya Kerneli ya Linux

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: KCSAN, kifaa cha uchunguzi kilichoingizwa kwenye kerneli ya Linux toleo la 5.8, mwaka 2020, ili kunasa migongano ya data. Mgongano wa data ni pale nyuzi mbili (threads), au uzi na intarapti (interrupt), zinapogusa anwani moja ya kumbukumbu kwa wakati mmoja, angalau upande mmoja ukiandika, na angalau mguso mmoja ukiwa mtupu, yaani haukuwekewa alama yoyote ya kumjulisha kompaila kwamba kuna wengine wanaogusa hapo.

SWALI: Shikamoo wahariri. Nimeandika moduli ya kerneli niliyoiita pima. Nyuzi mbili za kerneli zinapokea vipimo, na kila kipimo kikiingia zinaita pima_ongeza(), ambayo kazi yake ni jumla++ tu. Faili moja chini ya /proc inasoma hiyo jumla kupitia pima_soma(). Nikituma vipimo milioni 2, jumla inakuja pungufu, na kila nikirudia upungufu ni mwingine. Mwalimu amesema niwashe KCSAN. Nimepekua Ubuntu 24.04 yangu yote, sioni pa kuiwashia. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8.
– Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba. Huioni kwa sababu haimo. KCSAN si swichi ya kubonyeza kwenye kerneli iliyokwisha kujengwa. Kompaila mwenyewe hupandikiza mwito mdogo kabla ya kila mguso wa kumbukumbu, kwa hiyo kerneli lazima ijengwe upya. Na ukishaijenga usiifanye kuwa ya laptopu yako ya kila siku, maana huwa nzito mara kadhaa kuliko ya kawaida. Iendeshe ndani ya mashine pepe. Kwenye Ubuntu 24.04 njia isiyo na maudhi ni virtme-ng (amri yake ni vng), kwa kuwa inawasha kerneli mpya juu ya mafaili yako yaleyale bila kutengeneza diski nyingine.

Tenga nafasi ya GB 20 kwenye diski, pakua kerneli ya 6.12, kisha:

sudo apt install build-essential flex bison bc libelf-dev libssl-dev qemu-system-x86 virtme-ng
cd ~/linux-6.12
vng --kconfig
./scripts/config -e DEBUG_KERNEL -e DEBUG_FS -e MODULES -e MODULE_UNLOAD
./scripts/config -d KASAN -e KCSAN -e KCSAN_SELFTEST
./scripts/config -d DEBUG_INFO_NONE -e DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT
make olddefconfig
grep KCSAN .config
make -j4

Ile amri ya grep usiiruke. scripts/config huandika chochote unachomwambia bila kuhoji. Anayehoji ni olddefconfig, na akikuta sharti halijatimia hufuta chaguo lako kimyakimya. Usipoona CONFIG_KCSAN=y pale, utajenga kerneli nzima bure. Mashine ikianza kusota kwa uhaba wa RAM, hasa mwishoni vipande vinapounganishwa, shuka hadi -j2.

Ikimaliza kujengwa, iwashe ukiwa ndani ya folda hiyohiyo:

vng --cpus 4 --memory 3G

Idadi ya CPU si pambo. Ukiipa mashine pepe CPU moja, nyuzi zako hazitagusa jumla kwa wakati mmoja kikweli. Zitapokezana tu, na migongano mingi haitaonekana kamwe. Mbili ndiyo chini kabisa, nne ni nzuri.

Ndani yake andika dmesg | grep kcsan. Unatafuta mstari wa «kcsan: enabled early», na mwingine wa selftest unaotaja majaribio mangapi yamefaulu kati ya mangapi. Jaribio hata moja likishindwa, kerneli hujisimamisha yenyewe kwa makusudi, kwa hiyo ukifika kwenye kidokezo cha amri basi hapo pako salama. Utaona pia onyo la «non-strict mode configured». Liache kwa sasa, tutalirudia.

Bado moduli yako. Ile pima.ko ya zamani, uliyoijenga kwa hedafaili za Ubuntu, haitakubaliwa na kerneli hii, na hata ingekubaliwa haina ile miito iliyopandikizwa. Ijenge upya:

make -C ~/linux-6.12 M=$PWD modules
nm pima.ko | grep tsan

Majina kama __tsan_read8 na __tsan_write8 yakitokea, moduli inachunguzwa. Yasipotokea, haichunguzwi, hata kerneli yote iwe na KCSAN. (Jina ni tsan kwa sababu KCSAN imeazima upandikizaji ambao kompaila tayari walikuwa nao kwa programu za kawaida. Miito ni ileile, ila kinachoitwa upande wa pili ni kingine kabisa.) Sasa insmod pima.ko, tuma vipimo vyako kwenye nyuzi zote mbili, na usome faili la /proc mfululizo huku zikifanya kazi.

SWALI: Nimefuata maelekezo ya mtandaoni lakini CONFIG_KCSAN inapotea kila nikiendesha make olddefconfig. Kwenye menuconfig haipo hata kwa kuitafuta.
– Msomaji, Eldoret

JIBU: Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni kompaila: inatakiwa GCC 11 au Clang 11 kwenda juu. Ubuntu 20.04 inakuja na GCC 9 na Debian 11 inakuja na GCC 10, na zote mbili haziwezi kuitofautisha miguso ya volatile na mingine, jambo ambalo KCSAN inalitegemea. Ukiwa na Clang mpya, tumia make LLVM=1 kwa kila amri ya make, kuanzia olddefconfig yenyewe, la sivyo ukaguzi utafanywa kwa GCC yako kuukuu.

La pili ni KASAN, kifaa kingine cha uchunguzi, cha kunasa makosa ya matumizi ya kumbukumbu. Hivi viwili havikai nyumba moja; KASAN ikiwa =y, KCSAN haionekani kabisa. Anayetaka vyote viwili ajenge kerneli mbili. La tatu ni aina ya prosesa: x86 ya biti 32 haina KCSAN. Kwenye menuconfig iko chini ya «Kernel hacking», kisha «Generic Kernel Debugging Instruments».

SWALI: Imenasa kitu! Lakini siielewi ripoti. Nani alianza, nani mkosaji? Nakili yake hii:

BUG: KCSAN: data-race in pima_ongeza / pima_soma
write to 0xffffffffc0402480 of 8 bytes by task 412 on cpu 1:
 pima_ongeza+0x2c/0x60 [pima]
read to 0xffffffffc0402480 of 8 bytes by task 415 on cpu 3:
 pima_soma+0x1a/0x40 [pima]
value changed: 0x0000000000000a41 -> 0x0000000000000a44

– Mwanafunzi yuleyule

JIBU: Ili uisome vizuri, jua kwanza mtego unavyotegwa. Kila CPU huhesabu miguso yake. Kila baada ya kuruka kadhaa, isiyozidi 4000, mmoja huchaguliwa: KCSAN inaandika anwani ile kwenye jedwali dogo lenye nafasi 64, inakumbuka thamani iliyopo, kisha inamchelewesha aliyechaguliwa. Kama ni uzi wa kawaida hucheleweshwa hadi mikrosekunde 80. Kama ni intarapti, 20. Muda huo CPU nyingine zinaendelea na shughuli zao, na kila zikigusa kumbukumbu zinaangalia jedwali. Mwenye kugusa anwani iliyotegwa kwa namna inayogongana ndiye anayenaswa. Ucheleweshaji ukiisha, thamani inasomwa tena.

Kwa hiyo fungu la kwanza la ripoti yako, task 412, ndilo lililoingia mtegoni. Fungu la pili, task 415, ndilo lililotega: pima_soma ilikuwa imesimamishwa pale CPU 3. Mstari wa value changed unaonyesha thamani kabla na baada ya kusubiri. Kutoka a41 hadi a44 ni hatua 3, yaani wakati msomaji mmoja amesimama, jumla iliongezwa zaidi ya mara moja.

Hakuna mkosaji wala aliyeanza. Majina mawili kwenye mstari wa juu hupangwa kwa alfabeti ili mgongano uleule upate kichwa kilekile kila utokeapo. Usijenge hoja yoyote juu ya mpangilio huo.

Ili kupata namba ya mstari kwenye faili lako, toka kwenye mashine pepe na utumie ./scripts/faddr2line ukiipa pima.ko na pima_ongeza+0x2c/0x60. Kwa ripoti ndefu, scripts/decode_stacktrace.sh inatafsiri zote kwa mpigo.

Siku moja utakutana na ripoti yenye fungu moja tu na maneno «race at unknown origin». Maana yake thamani ilibadilika mtego ukiwa umetegwa, ila aliyeibadilisha hakupita mlango wa KCSAN. Washukiwa wa kawaida ni kifaa kinachoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu, msimbo wa asembli, au faili lililoondolewa kwenye uchunguzi. Ukiona neno «(marked)» karibu na mguso, ujue upande huo uliwekewa alama ya kumjulisha kompaila, yaani READ_ONCE, WRITE_ONCE au operesheni ya atomiki, na mtupu ni upande wa pili. Huko ndiko kwa kwenda kuangalia.

Na ile ripoti ya pima_ongeza / pima_ongeza, ambayo ndiyo inayokula hesabu zako, itakuja tu ukiendelea kutuma vipimo.

SWALI: Nilifunga jumla ndani ya READ_ONCE na WRITE_ONCE kila mahali. Ripoti zimekwisha kabisa. Lakini jumla bado pungufu!
– Mwanafunzi, Morogoro (barua ya tatu)

JIBU: Hapa ndipo wengi wanapoteleza, tena watu wenye uzoefu. Bila shaka umeandika WRITE_ONCE(jumla, READ_ONCE(jumla) + 1). KCSAN imenyamaza kwa haki, kwa sababu mgongano wa data haupo tena. Kosa lako lipo palepale. Uzi wa kwanza unasoma 10, wa pili unasoma 10, wa kwanza anaandika 11, wa pili anaandika 11. Vipimo viwili vimeingia, hesabu imepanda moja. READ_ONCE na WRITE_ONCE zinamzuia kompaila asikate mguso vipande, asiurudie na asiuondoe. Haziunganishi kusoma na kuandika kuwa tendo moja. Ulichofanya ni kuondoa king'ora ukauacha moto.

Hesabu inayoongezwa na wengi inataka mojawapo ya haya. Rahisi kuliko zote: fanya jumla iwe atomic64_t, tumia atomic64_inc(&jumla) kuongeza na atomic64_read(&jumla) kusoma. Kwenye x86 tofauti ni kiambishi cha lock mbele ya amri ya kuongeza, na kiambishi hicho ndicho jumla++ yako iliyokosa. Amri moja ya asembli isiyo na lock si tendo moja mbele ya CPU ya pili. Kama vipimo vinaingia kwa wingi kiasi cha CPU kugombea anwani hiyo, ipe kila CPU hesabu yake kwa this_cpu_inc, na msomaji ajumlishe za CPU zote akisoma kila moja kwa READ_ONCE. Kama jumla lazima ilingane na vigeu vingine, tuseme wastani na idadi, basi ni kufuli, na msomaji naye aishike.

READ_ONCE inatosha peke yake mahali pengine: mwandishi ni mmoja au waandishi wote wako chini ya kufuli, na msomaji asiye na kufuli anataka thamani yoyote ya karibuni. Hapo msomaji aweke READ_ONCE na mwandishi WRITE_ONCE. Kitanzi cha while (!simama), kinachosubiri uzi mwingine ubadilishe simama ni mfano wa kufundishia: bila READ_ONCE kompaila ana haki ya kusoma simama mara moja tu na kuzunguka milele.

Kama simama inatangaza kwamba data nyingine iko tayari, READ_ONCE nayo haitoshi. Anayetangaza atumie smp_store_release na anayesubiri atumie smp_load_acquire, ili data isionekane baada ya tangazo lake.

Kuna na data_race(). Inafuta ripoti bila kubadilisha msimbo unaozalishwa, kwa hiyo mahali pake ni takwimu za kuchapisha tu au makadirio ambayo yakikosea hakuna kinachoharibika. Sisi tunaomba kila data_race() iandamane na maelezo ya mstari mmoja: kwa nini thamani mbovu hapa haina madhara. Asiyeweza kuuandika mstari huo hajamaliza kuchunguza.

Ukishaamua kwamba kigeu fulani kina mwandishi mmoja tu, mwambie KCSAN akulindie uamuzi huo: weka ASSERT_EXCLUSIVE_WRITER(kigeu) mahali unapoandika. Mwandishi wa pili akitokea utapata ripoti, hata kama ametumia WRITE_ONCE. Makro hii ingestahili kutumiwa zaidi kuliko inavyotumiwa, kwa sababu inanasa makosa ya mantiki ambayo mgongano wa data peke yake hauyaonyeshi.

SWALI: Mimi nina tatizo la kinyume. Saa nzima dmesg kimya. Je, draiva yangu ni safi? Na mwenzangu ofisini analalamika ripoti zinafurika kutoka sehemu za kerneli asizozijua.
– Msomaji, Nairobi

JIBU: Kimya hakithibitishi kitu. Mguso mmoja tu kati ya maelfu ndio unaotegwa, na ili ripoti itoke CPU nyingine lazima ipite anwani ileile ndani ya mikrosekunde 80. Draiva isiyopewa kazi haitanaswa. Soma /sys/kernel/debug/kcsan (kama folda ni tupu, mount -t debugfs none /sys/kernel/debug). Namba ya setup_watchpoints inapaswa kupanda kila ukisoma; ikiwa imeganda, KCSAN imezimwa. Namba ya no_capacity ikipanda haraka, nafasi 64 zinajaa.

Kisha kaza mitego bila kujenga upya:

echo 500 > /sys/module/kcsan/parameters/skip_watch
echo 200 > /sys/module/kcsan/parameters/udelay_task

Mashine itakuwa nzito zaidi. Ukishusha skip_watch kupita kiasi, kazi zenye muda maalumu zinaanza kushindwa kwa sababu ya uzito huo, na unaanza kufukuza makosa yasiyokuwepo. Shusha kwa hatua.

Sababu ya pili ya kimya ni ule ulegevu wa kawaida tuliouacha juu. KCSAN ikiwashwa bila kuguswa, haitoi ripoti mtego ulipotegwa na mguso wa kusoma kama thamani haikubadilika, na inachukulia kwamba uandishi mtupu usiozidi baiti 8, uliokaa sawa kwenye anwani yake, ni tendo moja. Kwa hiyo sehemu mbili zinazoandika hali = 3 na hali = 4 bila kufuli hazitaripotiwa. Jumla++ ya mwanafunzi wetu ilinaswa kwa sababu ndani yake kuna kusoma pia. Ukitaka sheria zote bila huruma, jenga kwa CONFIG_KCSAN_STRICT=y. Tusingeanza nayo, anza na ulegevu, safisha, ndipo ukaze.

Kumbuka pia kwamba mgongano uleule haurudiwi ndani ya milisekunde 3000. Ripoti moja inaweza kuwa imetokea mara nyingi.

Mwenzako anayefurikiwa aorodheshe funksheni zake na ageuze orodha iwe ya wanaoruhusiwa:

echo whitelist > /sys/kernel/debug/kcsan
echo '!pima_ongeza' > /sys/kernel/debug/kcsan

Alama ya mshangao hapo inaongeza jina kwenye orodha, haikatazi, imewachanganya wengi. Bila amri ya kwanza orodha ni ya wanaonyamazishwa, na utapata kinyume cha ulichotaka. Moduli iwe imepakiwa kwanza, na funksheni ambayo kompaila ameimeza ndani ya nyingine haitapatikana kwa jina lake. Kunyamazisha faili zima kunafanywa kwenye Makefile kwa KCSAN_SANITIZE_jina.o := n, lakini ukifanya hivyo miguso ya faili hilo ndiyo itakayokurudia kama «unknown origin».

SWALI: Naweza kuitumia kwenye bodi ya ARM? Na kwenye seva ya ofisi?
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Seva ya ofisi hapana. ARM ya biti 64 ndiyo, tangu kerneli 5.17, ila chaguo halionekani mpaka uwashe CONFIG_EXPERT. Toleo hilohilo lilileta CONFIG_KCSAN_WEAK_MEMORY, inayohitaji STRICT, na ndiyo yenye faida hasa kwa waandishi wa draiva za ARM: inaigiza mguso uliochelewa kutekelezwa kwa kukosa kizuizi cha kumbukumbu (memory barrier), na ripoti yake ina neno «(reordered)» likifuatwa na mahali mguso ulikosogea. Inaigiza uchelewaji tu. Usomaji unaofanywa mapema kabla ya wakati wake hauigizwi. Habari njema ni kwamba huhitaji bodi: kosa la kizuizi ambalo prosesa ya x86 ingekuficha linaweza kunaswa kwenye laptopu ileile ya x86, ndani ya vng ileile.